Ufunguo wa Kumi na Mbili

Tarehe 3 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa kwenye kiti chako cha kamba na si juu ya ngazi, maana jirani yako fundi cherehani amekuchongea kwangu kwamba ulipanda mwenyewe kuziba paa. Kwa umri huo, mjomba! Huku sisi ni wazima. Baba watoto amebadilishiwa zamu, sasa anarudi mapema na kutukosoa namna tunavyopanga vyombo. Mkubwa yuko kwenye mitihani. Mdogo ameng'oka meno mawili ya mbele kwa mpigo na hataki kucheka mbele za watu. Anasema atacheka akifika kwa babu, kwa kuwa babu naye hana.

Najua utajiuliza kwa nini bahasha na si simu. Kwanza ni hilo sikio lako la kulia. Mara ya mwisho tulipiga kelele nusu saa nzima, na majirani zangu wote sasa wanajua habari za goti lako. Pili, simu yangu ya kazini na barua pepe zangu zote zinasomwa na wachunguzi, na ruhusa nimewapa mimi mwenyewe. Tumeibiwa, mjomba.

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 21 ya mwezi uliopita. Watu wamewasha kompyuta asubuhi, zote zinaonyesha maneno yale yale: lipeni, au tunaanika kila kitu. Mlango wako wa chuma huko tawini haujaguswa, bahasha za wateja zipo zote na mihuri yake ya lakiri. Walichobeba ni picha. Unakumbuka miaka sita iliyopita tulivyopitisha kila karatasi kwenye mashine ya kupiga picha, ukanuna mwezi mzima? Basi ndizo hizo. Wosia, hati za viwanja, vyeti vya ndoa, barua za watu kwa watoto wao. Wateja walitukabidhi vitu hivyo tuwatunzie, visionwe na mtu, na sasa vimeonwa.

Sheria inatupa siku tatu kuiarifu ofisi ya serikali inayosimamia taarifa za watu. Mkurugenzi alitaka tunyamaze kwanza "tujipange". Nilimwambia kuibiwa tunaweza kusamehewa, kuficha hatutasamehewa, na siku ya tatu saa tisa mchana nikaipeleka taarifa kwa mkono wangu. Kwenye chanzo tuliandika: bado kinachunguzwa. Ripoti kamili wanaitaka ifikapo tarehe 30 Aprili, itaje wezi walipitia mlango gani na nani aliuacha wazi. Wateja wakitushtaki, ripoti hiyo ndiyo itakayosomwa mahakamani.

Sasa swali langu. Nakuuliza kama mtoto wa dada yako, kwa sababu kama wakili wa kampuni sitakiwi hata kukuandikia. Jumanne ya tarehe 18 uliwasha kompyuta? Kuna barua pepe uliyoijibu? Niambie ukweli. Na usiichome barua hii, maana nikiulizwa nitasema nilikuandikia.

Watoto wanakusalimu sana.

Mtoto wako,
Kasuku


Tarehe 16 Machi

Kasuku wangu,

Marahaba, tena marahaba, na baba watoto mwambie vyombo havimhusu. Barua yako imechelewa kwa ujinga wa mwenye duka. Aliona nembo ya kampuni, akaona neno "Wakili", akadhani naitwa mahakamani. Akakaa nayo siku nne akitafuta namna ya kunipa habari mbaya. Mwishowe alikuja na mkewe, wamevaa nguo za heshima, wakaniketisha chini. Tulicheka mpaka chai ikapoa.

Juu ya paa nisemwe tu. Lilikuwa linavuja juu ya redio ya marehemu mama yako. Ungetaka niiache ilowe?

Umenikumbusha mashine ile ya picha. Nilinuna, ndiyo, na sijutii. Kabla ya mashine, kazi ilikuwa na adabu zake. Saa mbili kamili mimi na karani mkuu tunasimama mbele ya mlango wa chuma, yeye na ufunguo wake, mimi na wangu, tunazungusha kwa pamoja. Hakuna anayeingia peke yake, hata mkurugenzi. Kisha nasoma namba za lakiri kwa sauti, yeye anaweka alama. Harufu ya nta ya sakafu na karatasi za zamani, ukiingia na mafua yanapona. Wewe ulikuwa darasa la pili. Ukitoka shule unakaa kwenye kona ya meza yangu unafanya hesabu, ukichoka unachukua muhuri wa tarehe unajigonga mkononi kuanzia kiganja mpaka kiwiko. Mama yako akifika saa kumi na nusu kutoka zahanati, bado ana sare yake ya unesi, anakuona umepigwa mihuri kama kifurushi, anaanza kunigombeza dirishani. Nami namjibu lile lile kila siku: "Dada, ngoja chai." Anasema hana muda, huku anavuta kiti. Nayakumbuka hayo kuliko nilichokula jana.

Ulinibandika jina la Bwana Funguo wewe, ofisi nzima ikalichukua. Siku ya kuniaga nilirudisha funguo kumi na moja, moja moja, kila moja na mstari wake kwenye daftari. Wewe ulitumwa kutoka makao makuu kuja kushuhudia, ukasaini chini. Kumi na moja ziliorodheshwa, kumi na moja zikarudi. Sina deni na kampuni.

Juu ya tarehe 18, siku za mzee zinafanana. Na kama kuna maneno tuliyosemezana getini siku ile ya kuagwa, sikio langu ni bovu, sikusikia kitu na sikusema kitu. Uelewe hivyo.

Ila kuna jambo dogo. Tangu ile Ijumaa yenu kompyuta inanigomea. Naandika neno langu la siri kama kawaida, inasema haitambui. Nimekaa kwenye kampuni hiyo miaka thelathini na mmoja, leo haitambui! Siulizi kitu, nakueleza tu.

Wanamshuku nani?

Mjomba wako


Tarehe 30 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimemsomea mdogo kisa cha mwenye duka, amecheka akasahau kuziba mdomo. Mkubwa amefaulu yote isipokuwa fizikia, baba yake anajifanya hakushtuka. Saa ya mama, ile ya kubana kifuani, imesimama tena. Fundi amesema kifaa chake hakitengenezwi siku hizi. Nimeirudisha kwenye droo.

Umeniuliza wanamshuku nani. Wanamshuku Miwani, yule fundi wetu wa kompyuta, mrefu, mpole, anayeinamisha kichwa kila mlango hata usiomgusa. Wachunguzi wamekuta kwamba wezi waliingia kwa jina la mtumishi aliyestaafu miaka mitatu iliyopita. Walituma barua pepe ya uongo tarehe 18 asubuhi, iliyovaa nembo yetu, ikasema: akaunti yako itafungwa leo saa sita, thibitisha neno lako la siri hapa. Mtu akathibitisha saa mbili na dakika saba. Baada ya hapo walitembea ndani siku tatu.

Kazi ya kufunga akaunti za wanaoondoka ni ya Miwani. Kwa hiyo mkurugenzi ameshaandaa barua ya kumfukuza, itasainiwa siku ile ile ya ripoti. Anasema tukiwa na mtu mmoja wa kumtaja, uzembe wake, tumemchukulia hatua, mahakama itatuona tuko makini na hasara ya kesi itapungua. Kisheria hajakosea sana. Mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha kufikiri hivyo, kwenye semina, nikiwa na kijiti cha kuonyeshea ukutani.

Kuna jambo jingine la kampuni ya bima. Kila Januari nasaini tamko kwamba milango ya kompyuta ya wote walioacha kazi imefungwa. Nimesaini mara tatu tangu ustaafu. Kama si kweli, bima wanaweza kutukimbia, na chama cha mawakili kinaweza kuniita na kuninyang'anya leseni.

Miwani hajui habari za barua yake. Jana alinirekebishia kiti kilichokuwa kinalia, sikumwomba. Nilimshukuru nikashindwa kumtazama.

Nilidhani ningekuficha hili lakini nakuambia. Yule mwalimu mstaafu wa hesabu, mteja wako wa zamani, alisafiri mpaka huku makao makuu. Mtu asiyemjua alimpigia simu akamsomea maneno ya wosia wake mwenyewe, yale yanayomhusu kifungua mimba wake, kisha akamwambia alipe au mtoto atasomewa pia. Alikaa mbele yangu hajalia, ameshika mkoba kwa mikono miwili. Aliuliza swali moja tu: "Bwana Funguo yuko wapi? Kwa sababu bahasha yangu nilimpa yeye."

Neno la siri la yule mstaafu nimeliona kwenye ripoti. Wachunguzi walicheka, wakasema ni sentensi nzima, nani anaweka sentensi ya chai. Mimi sikucheka. Nilitoka nikasimama kwenye ngazi.

Habari za getini hata mimi sizikumbuki.

Mjomba, tarehe 18?

Kasuku


Tarehe 11 Aprili

Kasuku,

Marahaba. Nimepata yako. Mvua imenyesha siku tatu, paa limeshika vizuri. Fundi cherehani amenishonea shati, mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake, anasema mimi ndiye nisiye sawa.

Swali lako limefika. Usiniulize tena.

Yule mwalimu alikuja na mwavuli wake wa kijani? Siku aliyoleta bahasha alifunga lakiri mara tatu, hakuridhika, nikamwashia mshumaa mwingine. Nilimwambia, "Mama, hii haifunguliwi na mtu mpaka useme wewe." Nilimwambia hivyo, kwa kinywa hiki.

Mjomba wako


Tarehe 24 Aprili

Mwanangu Kasuku,

Salamu zangu leo ni fupi, unisamehe. Mimi mzima, nyumba nzima, redio nzima.

Leo napeleka bahasha mbili kwa gari la vifurushi, maana posta ya hapa ingezifikisha wewe ukiwa na wajukuu. Moja ni hii. Nyingine inakwenda kwa mkurugenzi, na ndani yake kuna maelezo yangu, kurasa nne, kwa kalamu ya wino, yamesainiwa kila ukurasa.

Ni mimi. Tarehe 18 saa mbili na dakika saba niliandika neno langu nikawapa. Nilisoma "itafungwa leo saa sita" nikaharakisha, sikutazama nani ameandika. Mimi, niliyekataa kumfungulia mkurugenzi mwenyewe chumba cha chuma kwa sababu karani mkuu alikuwa msalani! Mtu alibisha hodi mara moja kwenye kioo, nikampa ufunguo mkononi. Ningekuwa bado kazini na kijana wangu amefanya hivyo, ningemwambia avue koti aende nyumbani.

Utauliza nilikuwa natafuta nini humo miaka mitatu. Nitakuambia, na ukitaka unicheke. Ule wosia wa mama yako aliouweka kwetu tawini, ukurasa mmoja, karatasi yenyewe ilichukuliwa na mahakama mlipogawana, ikabaki huko. Picha yake ilibaki kwenye kompyuta. Kila siku saa mbili, saa ya kufungua chumba, nilikuwa nawasha, nafungua ukurasa huo, nautazama mwandiko wa dada yangu. Ile "k" yake yenye mkia mrefu, na pale alipokata neno akaandika juu yake. Picha zake ninazo, lakini kwenye picha amekaa tu. Kwenye karatasi ile anasema, na anasema anavyosema yeye. Nikishausoma nafunga, nachemsha chai. Basi. Sikusoma faili la mtu mwingine hata siku moja.

Njia ya halali ilikuwepo. Fomu moja tu, mrithi anasaini, nakala inatolewa. Mrithi ni wewe. Nilishindwa kukuomba. Niliona aibu mtu mzima kama mimi, mwenye mvi, nikuambie siwezi kukaa bila kuona mwandiko wa dada. Ningekuomba ningepata kwa wiki moja, na yule mwalimu angekuwa amekaa kwake kwa amani. Hilo ndilo linaloniuma, usiku na mchana.

Sasa sikiliza vizuri. Kwenye maelezo nimeandika kwamba nilitumia mlango huo kwa siri, kwamba hakuna aliyejua, si fundi, si wewe. Kwamba mstaafu mjanja aliwazunguka wote. Shikilia hapo hapo. Mimi hawana cha kuninyang'anya, funguo nilisharudisha. Wewe una leseni, una watoto. Mama yako alikusomesha kwa sare mbili, anafua moja anavaa nyingine. Haitapotea kwa sababu yangu.

Mjomba wako


Tarehe 25 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo. Sijapata neno kwako tangu ile fupi, na sitakuuliza tena kama ulivyosema. Leo nakuandikia ili usisikie kwa watu wengine kabla yangu.

Wiki iliyopita Miwani aliniletea karatasi. Ameitwa kuhojiwa, akaenda kuchapisha barua pepe zake za zamani. Moja ilikuwa yake kwangu, ya mwezi uliostaafu: "Naomba idhini nifunge akaunti ya mzee wa tawini." Na chini yake jibu langu, maneno manne: "Mwache mzee kwanza. Nitakuambia." Sikumwambia tena. Hakuja kunitisha, mjomba. Alifunga mlango, akainamisha kichwa kama kawaida yake, akasema, "Wakili, hii nimeiona mimi tu. Niifanyeje?" Mtu anayekaribia kufukuzwa ananiuliza mimi aifanyeje!

Kwa hiyo leo asubuhi nimesimama mbele ya bodi. Nimesema siku ya kuagwa, pale getini, mjomba wangu aliniomba nimwachie kadirisha kadogo, nami nikamwachia. Hukueleza sababu na sikukuuliza. Nilikuona umesimama na mfuko wa zawadi, pete ya funguo imetoka kiunoni kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, na mkono wako ulikuwa unaipapasa pale pale ilipokuwa. Nilishindwa kusema hapana. Nilidhani ni hisani ndogo. Kisha kila Januari nilisaini kwamba milango yote imefungwa, na kila Januari nilikukumbuka nikisaini, nikajiambia ni mzee mmoja tu.

Nimewaambia waandike kwenye ripoti: aliyeuacha mlango wazi ni wakili wa kampuni. Nimewapa karatasi ya Miwani na barua zako mbili na nakala za zangu. Mkurugenzi alivua koti akalivaa tena. Akaniuliza kama najua ninachofanya kwa kampuni. Nikamwambia najua, ndiyo kazi aliyoniajiri: kampuni inaweza kubeba kosa, lakini haiwezi kubeba ripoti ya uongo, maana siku ikigundulika hakuna hakimu atakayetuamini tena, hata tukisema ukweli.

Nilisema kwa ujasiri. Kisha nikaenda chooni nikalia hadi mfagiaji akanigongea.

Jina lako limetajwa. Nisamehe, mjomba. Nilitafuta namna ya kulisema langu bila lako, haikupatikana.

Kasuku


Tarehe 2 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo, na pole kwa wageni. Najua wachunguzi walikuja na kinasa sauti, na najua uliwawekea chai kabla ya kuwajibu. Wamerudi wanakusifu.

Bahasha zetu zilipishana njiani. Yangu ilikuwa inakuja kwako na yako inakuja huku, ikafika siku moja baada ya bodi. Mkuu wa wachunguzi aliniita akaweka karatasi mbili mezani. Kwenye yako, hakuna aliyejua. Kwenye yangu, nilijua. Akasema, "Miaka ishirini nafanya kazi hii, watu wananidanganya wajiokoe. Ninyi wawili nimewashindwa." Nilisoma kurasa zako nne pale pale, na pale ulipoandika "mstaafu mjanja" nilicheka na kulia kwa pamoja. Wewe mjanja, mjomba? Hata ukicheza karata unaonyesha mkono mzima.

Habari zenyewe ni hizi. Miwani amebaki kazini, barua ile imechanwa. Ofisi ya serikali imetuadhibu, lakini imeandika kwamba tulieleza yote na kwa wakati. Bima wamekubali sehemu, sehemu wamekataa kwa sababu ya saini zangu. Wateja wote wameandikiwa, mmoja mmoja, na yule mwalimu nilimwendea mwenyewe. Alishamwita mwanawe akamsomea wosia kwa sauti yake. Alisema, "Sasa hawana cha kuniuzia." Kisha akaniambia nikusalimie. Alikuwa na mwavuli, ndiyo, wa kijani.

Chama cha mawakili kimenipa onyo la maandishi, leseni imebaki. Kazi haikubaki. Mkurugenzi aliniambia kwa upole kwamba mtu aliyesaini matamko yale hawezi kuendelea kusaini mengine, na kama ningekuwa bado wakili wake ningemshauri hivyo hivyo. Naondoka mwisho wa mwezi huu. Baba watoto amepanga vyombo vyote upya, nadhani ndiyo namna yake ya kunifariji. Naona ajabu kuamka bila kampuni hii. Nimeijua tangu nikiwa na mihuri mpaka kiwiko.

Ndani ya bahasha hii kuna vitu viwili. Cha kwanza ni karatasi kutoka daftari la funguo la tawini. Miwani ameongeza mstari, na kuanzia sasa kila anayeondoka lazima aujaze. Kazi yangu ya mwisho ni kuhakikisha unajazwa na wote waliotangulia, na wewe ndiye wa kwanza.

Cha pili nilikijazia fomu mimi mwenyewe, mrithi, nikaenda mahakamani na kitambulisho, nikasubiri kwenye benchi kama mwananchi yeyote. Ilichukua asubuhi moja tu. Ungeniomba, mjomba. Ningecheka kidogo, halafu ningekaa nawe tuusome.

Kasuku


Tarehe 15 Juni

Kasuku wangu, mtoto wa dada yangu,

Marahaba, na mpe mkono baba watoto, amepanga vizuri.

Bahasha ililetwa na mwenye duka mwenyewe, safari hii hakuogopa. Ilikuwa saa mbili kasoro. Nikasema basi nisubiri ifike saa yake. Nilivaa lile shati la mikono miwili tofauti, nikakaa mezani, saa mbili kamili nikafungua.

Kwenye kompyuta hauonekani unyayo wa kalamu. Kwenye nakala hii ya mahakama wino unaonekana ulivyokolea pale alipokandamiza. Nimemsomea fundi cherehani yanayonihusu: "Redio apewe kaka yangu, ila asiifungulie mpaka majirani wahame." Akasema marehemu alikuwa na akili, kwa nini hakuweka adhabu.

Ile karatasi ya daftari nimeijaza kwa wino. Mstari wa kumi na mbili: neno la siri. Pale pa hali nimeandika: umerudishwa, umechelewa miaka mitatu, kosa ni langu. Nikasaini. Nafasi ya shahidi iko wazi. Hapo panahitaji mtu aliyekuwepo getini, na sitaki kuituma kwa posta.

Kwa maana nimeusoma ukurasa huu miaka mitatu, Kasuku, nikitafuta mwandiko tu, na sikuwahi kukuuliza kama wewe unaukumbuka mstari wako. Uliusikia mahakamani, siku ambayo kwa msiba hakuna aliyesikia kitu. Nakunakilia hapa kama ulivyo, na neno alilolikata nimeliacha: "Kasuku apewe saa yangu ya kazini, ili ajue muda wa kurudi nyumbani."

Njoo nayo hata kama imesimama. Njoo na watoto, huyo asiye na meno kwanza. Saa kumi na nusu nitakuwa dirishani, na ukisema huna muda nitakujibu lile lile.

Mjomba wako,
Bwana Funguo